NDEGE ANAYEMWITA MTU PORINI

Ndugu msomaji, mbwa humsaidia mtu kuwinda kwa sababu mtu amemfuga. Ng'ombe huvuta plau kwa sababu amefundishwa. Lakini je, umewahi kuona kiumbe wa porini, asiyefugwa na mtu, akija mwenyewe kumwita mtu waende kazini pamoja?

Yupo. Ni ndege. Wengine humwita mlembe, wengine humwita kiongoza-asali. Pengine katika lugha ya kwenu ana jina lake.

Kila mmoja ana alichokosa mwenzake

Mlembe ni ndege mdogo kuliko njiwa. Mgongo wake ni wa kijivu, na akiruka utaona manyoya meupe mkiani. Anapenda kula majana ya nyuki na nta. Ndiyo, nta! Wanyama wengi wakila nta haiwafai kitu, lakini tumbo la mlembe huiyeyusha.

Mlembe anajua nyuki walipo. Shida yake ni kwamba hawezi kupasua mti, na nyuki humuuma. Mtu naye ana shoka na moto, lakini hajui nyuki walipo. Basi wamepatana. Ndege humjia mtu akipiga kelele, huruka mti hadi mti, humsubiri, huruka tena. Wakifika, mtu hufukiza moshi na kurina asali. Ndege hula masega yaliyobaki.

Wazee walisema kweli

Haya wazee wetu waliyajua zamani, ila wengine waliyaita hadithi tu. Basi wataalamu wakaenda kupima. Mwaka 1989, Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walieleza kazi waliyoifanya na Waborana wa kaskazini ya Kenya. Bila ndege, mrina asali alitafuta kwa karibu saa 9 kabla ya kupata nyuki. Akiongozwa na ndege, alitafuta kwa saa 3 na kidogo tu.

Huko Niassa, Msumbiji, Wayao humwita mlembe kwa sauti ya peke yake: hutetemesha ulimi "brrr", kisha huguna "hm". Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walitangaza matokeo ya majaribio yao. Walipotumia sauti nyingine, waliongozwa mara 33 katika kila 100. Walipotumia wito wa Wayao, mara 66.

Wahadzabe wa Tanzania hawaiti hivyo. Wao hupiga mluzi. Mwaka 2023 ikaonekana kwamba ndege wa Uhadzabeni huitikia zaidi mluzi, na wale wa Niassa huitikia zaidi "brrr-hm". Kumbe hata ndege hujifunza lugha ya kijiji chake!

Usimsifu mno

Msidhani mlembe ni mpole. Mama hutaga yai katika kiota cha ndege mwingine, kama vile keremkerem. Kinda la mlembe huanguliwa likiwa na ncha kali mdomoni, nalo huwaua makinda wa mwenye nyumba. Ndege huyo huyo ni rafiki kwa mtu na muuaji kwa jirani.

Tena kuna jambo la malipo. Wengi husema eti ukimnyima masega, siku nyingine atakupeleka kwa simba au nyoka. Jambo hilo la kulipiza kisasi halijathibitishwa. Wayao humwachia nta yake. Wahadzabe mara nyingi huificha au huichoma, ili ndege abaki na njaa aendelee kuongoza.

Tunaweza kumpoteza

Watu wakiacha kurina asali porini, ndege hukosa wa kumwitikia, na vijana hukosa wa kuwafundisha wito. Elimu hiyo haimo kitabuni. Imo vinywani mwa wazee. Mzee akifa nayo, imekwisha.

Wajibu mwingine ni moto. Mrina asali akiacha kinga kinawaka, pori huungua, na nyuki na ndege huungua pamoja nalo. Zima moto kabisa kabla hujaondoka.

Ndugu, wewe sasa unajua kuandika. Nenda kwa mzee anayeijua kazi hii. Mwulize jina la ndege huyu, wito wake, na miti wanayoipenda nyuki. Andika yote katika daftari lako. Lililoandikwa haliozi.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini mlembe anamhitaji mtu, na mtu anamhitaji mlembe?
2. Nani anafanya vyema: anayemwachia ndege masega, au anayemficha? Toeni sababu.
3. Ni jambo gani wanalolijua wazee wa kijiji chenu ambalo bado halijaandikwa? Nani ataliandika?