Nani anauza aksio zetu?

Mu somo la ekonomia tulisoma kwamba aksio ni kipande cha kampuni. Kosa linaanza pale watu wa ndani wanajua bei ya kweli na wenye mali hawaijui.

Tutazame Gécamines, kampuni ya Serikali. Mu mwaka wa 2011 iliuza aksio zake za Mutanda, mgodi wa shaba na kobalti karibu na Kolwezi, 20 kwa mia, bila mnada. Mnunuzi alikuwa kampuni ya Dan Gertler, rafiki wa Rais Joseph Kabila wa wakati ule. Bei, dola milioni 120. Mu 2013 kamati ya Kofi Annan ilipima mauzo matano ya namna ile: inchi ilipoteza si chini ya dola milioni 1,360. Ni karibu mara mbili ya makuta ya masomo na afya ya mwaka mzima! (Gertler alikana kosa.)

Lakini mu kartie batu wanakasirikia nani? Injeniere mwenye motokari ya kampuni. Yeye hakuketi pale bei ilikatwa. Hata wale wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walioachishwa kazi kuanzia 2003, hakuna aliyewauliza kitu.

Wengine wanasema kila muchuuzi anatafuta faida. Sawa, kama mali ni yake. Mithali 11:1 inasema juu ya mizani, na mizani inapimwa mbele ya macho ya wote. Njo maana mu 2012 FMI ilisimamisha mkopo wa Kongo: kontra ya mauzo ingine, ya Comide, haikutangazwa yote.