Danieli Aliamua Mwenyewe

JUMATANO

Soma Danieli 1:3–16. Ni nani aliyefanya uamuzi kuhusu chakula, na aliomba kwa namna gani?

Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria walikuwa vijana waliochukuliwa mbali na kwao, wakawekewa chakula cha mfalme. Fungu la 8 linaonyesha kwamba uamuzi ulianzia moyoni mwa Danieli. Hapakuwapo mama wa kumkumbusha, wala mzee wa kanisa wa kumchunga. Aliomba kwa adabu, naye akakubali wajaribiwe kwa siku 10. Biblia yetu ya Kiswahili inasema walipewa mtama. Neno la Kiebrania ni pana zaidi: vyakula vitokanavyo na mbegu, yaani nafaka, jamii ya kunde na mboga.

Kama ni hivyo, chakula cha Danieli hakiko mbali na Nyakakika. Hapa Karagwe ndizi na maharage hupikwa katika sufuria moja. Chini ya migomba kuna maharage na maboga. Kando yake kuna parachichi na papai. Lakini kijana wa sekondari huweza kukiona chakula hicho kuwa cha watu wasio na uwezo. Akipata fedha kidogo siku ya gulio, hununua soda na maandazi. Pengine amejifunza kwetu. Maharage mazuri tunayauza, na mgeni akija tunatuma mtoto dukani kuleta soda. Kijana anatazama, naye anaelewa ni chakula kipi tunachokiheshimu.

Soma Mwanzo 1:29. Je, kuacha nyama peke yake kunatosha?

Hakutoshi. Kagera ni mkoa wenye chakula, lakini udumavu wa watoto umekuwa tatizo kubwa humo. Sahani iliyojaa ndizi na mchuzi mwepesi hushibisha, ila haiujengi mwili ipasavyo. Kijana anakua haraka, na msichana aliyeanza hedhi anahitaji madini ya chuma kwa wingi zaidi. Maharage yana protini na chuma. Mwili huipokea chuma hiyo vizuri zaidi yakiliwa pamoja na tunda lenye vitamini C, kama pera, papai au chungwa. Chai ya majani na kahawa zikinywewa pamoja na chakula huizuia. Tena, vitamini B12 haipatikani katika mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Kijana asiyekula nyama aipate katika maziwa na mayai. Asiyetumia hata hivyo, aulize kituo cha afya. Tusimnyime mtoto chakula kimoja bila kumpa kingine kinachochukua nafasi yake.

Soma Wakolosai 3:21. Onyo hili linahusuje meza ya nyumbani?

Ellen White alipewa njozi kuhusu matengenezo ya afya huko Otsego, Michigan, Juni 6, 1863. Hata hivyo, ni mwaka 1894 ndipo alipoiondoa nyama kabisa mezani pake. Ikiwa mjumbe wa Bwana alitembea safari ya miaka 30 hivi, kwa nini tudai kijana wa miaka 15 aimalize kwa juma moja, tena kwa kukemewa mbele ya wageni? Tunasema samaki mkunje angali mbichi, na ni kweli. Lakini kukunja si kuvunja. Anayekatazwa kwa ukali hula kwa siri, naye hujifunza mambo mawili: kuficha, na kudhani kuwa imani ni orodha ya makatazo.

Danieli anatuonyesha njia nyingine. Mpe kijana wako siku 10. Yeye mwenyewe, awe mvulana au msichana, apange chakula na kushiriki kukipika: ndizi na maharage, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, kipande cha parachichi, na tunda. Maji yachukue nafasi ya soda. Wazazi wale sahani ileile. Mwishoni aulizwe anajisikiaje shambani, darasani na uwanjani, naye asikilizwe. Mungu aliyemheshimu Danieli anaweza kuzungumza na moyo wa mwanao pia. Kazi yetu ni kuandaa meza, kuwa kielelezo na kuomba.

Maswali ya Kujadili

1. Katika nyumba yako, chakula cha mgeni kinamfundisha kijana nini kuhusu chakula cha kila siku?

2. Kuna tofauti gani kati ya kijana anayetii kwa sababu anaogopa na yule aliyeamua moyoni? Tofauti hiyo huonekana wapi anapokwenda bweni?

3. Soma 1 Wakorintho 10:31. Tungefundishaje fungu hili kwa vijana bila kuwahukumu wenzao wanaokula tofauti?

4. Darasa lenu linaweza kufanya nini ili familia isiyo na mayai wala maziwa isaidiwe kwanza, kabla ya kushauriwa kuacha kitu chochote?