Kura Sita za Usiku wa Manane: Somo kwa Walio Wachache



Somo letu linahusu kura. Katika makazi yetu tunachagua viongozi wa vijiji na wa zoni, na kila mara tunasikia watu wakisema: "Sisi ni wachache, tena ni wageni. Kura yetu itafanya nini?" Tena familia zenye ndugu waliohamishiwa Marekani zinatuuliza: je, ndugu zetu huko wanaruhusiwa kupiga kura? Maswali haya mawili tutayajibu pamoja, tukitazama mahali padogo sana panapoitwa Dixville Notch. Pako katika jimbo la New Hampshire, ambako Wakongomani wengine walipelekwa kuanza maisha mapya, hasa katika miji ya Manchester na Concord.

1. Mahali penyewe

Dixville Notch ni kitongoji cha milimani, kaskazini mwa jimbo hilo, karibu na mpaka wa Kanada. Si mji wenye mamlaka yake. Hakuna meya wala baraza la mji. Mambo mengi ya utawala yako mikononi mwa kaunti ya Coos. Zamani palikuwa na hoteli kubwa iliyoitwa Balsams, lakini ilifungwa mwaka 2011. Wakazi waliobaki wanahesabika kwa vidole.

Kabla ya mwaka 1960 wakazi hao walilazimika kusafiri mbali ili kupiga kura. Tangu mwaka huo wanapiga kura kwao, saa sita kamili usiku, siku ya uchaguzi inapoanza. Sheria ya jimbo inaruhusu mahali penye watu chini ya 100 kufungua kituo saa hiyo, na kukifunga mara tu kila aliyeandikishwa anapokwisha kupiga kura. Dakika chache baadaye matokeo yanatangazwa. Mwenye hoteli, mzee Neil Tillotson, ndiye aliyezoea kutumbukiza karatasi ya kwanza, hata alipofariki mwaka 2001 akiwa na miaka 102.

2. Wachache si manabii, lakini wanahesabiwa

Mwaka 1960 wapiga kura wote 9 walimchagua Nixon, lakini aliyekuwa rais ni Kennedy. Mwaka 2016 Clinton alipata kura 4 na Trump 2, lakini Trump akashinda nchi nzima. Mwaka 2020 Biden alipata zote 5, naye akashinda. Mwaka 2024 kura zilikuwa 6: Harris 3, Trump 3.

Basi tusidhani kwamba kitongoji hicho kinatabiri. Thamani ya kura zao haitokani na kumpata mshindi. Inatokana na kwamba kila moja inaandikwa na kujumlishwa na kura za jimbo zima, sawasawa na kura ya mtu wa mji mkubwa. Na pale penye wapiga kura sita, mtu mmoja akibaki kitandani, sare inavunjika.

3. Kura haijiendeshi yenyewe

Mwaka 2019 wakazi walipungua hata hawakutosha kujaza nafasi ambazo sheria inazitaka ili uchaguzi ufanyike. Lazima awepo wa kusimamia, wa kuandika na wa kukagua orodha. Desturi ya karibu miaka 60 ilitaka kufa kwa kukosa mtu mmoja tu! Iliokoka kwa sababu mtu mmoja alihamia pale, akawa mkazi, akashika nafasi hiyo.

Hapa tujipime. Wengi wetu tunapenda kulalamika juu ya kiongozi wa zoni, lakini tukiombwa kuhesabu kura au kutunza daftari, tunasema tuna shamba. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 wajane walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Manung'uniko yale hayakuisha kwa maneno. Yaliisha pale mkutano ulipochagua watu saba wa kushika kazi. Sisi tunaopanga mstari wa chakula tunaelewa vizuri habari hiyo.

4. Siri na jirani

Mwaka 2020 kura zote 5 zilikwenda kwa mtu mmoja. Je, kulikuwa na siri gani tena? Hakuna aliyehitaji kumwuliza jirani yake. Mahali padogo karatasi haiwezi kumficha mtu kabisa. Kwetu ni hivyo hivyo, hasa mahali watu wanapojipanga nyuma ya mgombea na kila jicho linaona.

Kwa hiyo ulinzi uko katika mioyo ya majirani. Tusimwulize mtu alimchagua nani. Tusimnyime mtu zamu ya bomba kwa sababu alisimama mstari mwingine. Kiongozi aliyeshinda asiandike majina ya waliomkataa. Wale sita wa mwaka 2024, watatu huku na watatu kule, waliamka asubuhi wakiwa bado majirani.

5. Onyo kwa ndugu walioko Marekani

Huko, katika uchaguzi wa rais na wa wabunge wa taifa, anayepiga kura ni raia peke yake. Mkimbizi aliyepokelewa, hata mwenye kibali cha kudumu, bado si raia. Akipiga kura kabla ya kupata uraia, anavunja sheria, na anaweza kufukuzwa nchini. Kusema kwa uongo kwamba yeye ni raia ni kosa zito vilevile. Katika majimbo mengi, ofisi ya leseni ya udereva huuliza pia kama mtu anataka kujiandikisha kuwa mpiga kura. Asiyejua lugha anaweza kutia alama na saini bila kuelewa. Mkizungumza nao kwa simu, waambieni: wasitie saini karatasi wasiyoielewa, waombe mkalimani kwanza.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

- Ni kazi gani ya uchaguzi ambayo mtu wa nyumba yetu anaweza kujitolea kuifanya?
- Je, yuko jirani ambaye hatusalimiani tangu uchaguzi uliopita?
- Nani kati ya ndugu zetu wa mbali anahitaji kusikia lile onyo?

Mungu awabariki.