Mwana Aendaye Chuo Kikuu: Ni Nani Mchungaji Wake?



Kila mwaka, mitihani ya sekondari ikiisha, vijana kadhaa hutoka kwetu Itebero wakishika njia ya Bukavu, ya Goma au ya Kisangani, kuitafuta elimu ya chuo kikuu. Baba huuza mbuzi, mama huuza mihogo na mafuta ya mawese, na ukoo mzima huchanga franka za karo. Jambo hilo ni jema, nalo lastahili baraka ya Mungu. Lakini somo la leo lauliza neno moja: sanduku la kijana tumelijaza nguo na madaftari, je, roho yake tumeifungia akiba gani?

I. KOSA LETU

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Kijana mmoja niliyemfundisha katekisimu hata akapokea Komunyo ya kwanza, tena mtumishi mwaminifu wa altare, alipata nafasi chuoni. Tulimfanyia karamu, tukampa fedha, tukamtakia safari njema. Barua ya kumjulisha kwa padre wa huko hatukumpa. Baada ya mwaka alirudi likizoni. Jumapili kengele ikalia, naye akabaki barazani. Nikamwendea kwa hasira, nikamwuliza sababu. Akanijibu kwa upole: “Mwalimu, nilipokosa karo niliwaandikia, nanyi mkanitumia. Nilipoanza kukosa imani, sikujua nimwandikie nani.”

Maneno hayo yalinichoma. Nilikwenda kumdai, kumbe mdaiwa nilikuwa mimi.

II. MFANO WA DANIELI

Kitabu cha Danieli chatueleza habari za vijana wa Yuda waliopelekwa Babeli, wafundishwe maandiko na lugha ya Wakaldayo kwa muda wa miaka 3. Tuangalie mambo matatu.

Kwanza, hawakuikataa elimu ya wageni. Walijifunza kwa bidii, na Mungu akawajalia akili kuliko wenzao.

Pili, waliujua mpaka. Chakula cha mfalme ambacho kingewatia unajisi hawakukubali kukionja.

Tatu, Danieli hakuwa peke yake. Walikuwa 4, na siku ile mfalme alipotaka kuwaua wenye hekima wote, Danieli alirudi nyumbani kwa wenzake, wakamwomba Mungu pamoja.

Hapo twaona kazi yote ya Kanisa chuoni: kumsaidia kijana asiiogope elimu, aitunze dhamiri yake, na asikose wenzi wa sala.

III. MAFUNDISHO YA KANISA

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya malezi ya Kikristu, uliwaagiza wachungaji wawatunze wanafunzi wa vyuo vikuu, hata wale wasomao katika vyuo visivyo vya Kikatoliki. Uliomba ziwepo nyumba na vituo ambamo mapadre, watawa na walei waliochaguliwa kwa uangalifu watawasaidia. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 813, yamtaka askofu wa jimbo awashughulikie sana wanafunzi hao, hata kwa kuwawekea parokia yao, ama angalau kwa kuwateulia mapadre wa kudumu.

Historia ya nchi yetu yaonyesha sababu. Mwaka 1954 Kanisa lilianzisha Chuo Kikuu cha Lovanium huko Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa. Mwaka 1971 serikali ilikitwaa, ikakiunganisha na chuo cha Lubumbashi na kile cha Kisangani, ambacho Waprotestanti walikuwa wamekianzisha mwaka 1963. Baadaye Kanisa lilijenga tena: huko Butembo, kwa mfano, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianza mwaka 1989. Hata hivyo, vijana wengi Wakatoliki husoma katika vyuo vya serikali. Basi, imani ya mwanafunzi haiwezi kutegemea jina lililoandikwa juu ya lango la chuo. Yapasa mchungaji amfuate kondoo alipo.

Padre mlezi wa wanafunzi hufanya nini? Huwapa Misa Takatifu na kitubio. Huwatembelea wagonjwa, huwasikiliza wenye njaa na wenye huzuni. Zaidi ya hayo hujibu maswali yao. Katekisimu ya mtoto wa miaka 10 haimtoshi mtu wa miaka 20, kama vile kaptula ya darasa la pili isivyomtosha mwanamume. Akili yake ikikua na mafundisho yake ya dini yakabaki madogo, atadhani kwamba dini ni mambo ya watoto, ataivua.

IV. MWENYE HERI FLORIBERT

Tuna shahidi wa karibu, mwana wa Kivu ya Kaskazini. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Goma. Alipokuwa mwanafunzi alijiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, ambayo ilianza Roma mwaka 1968 miongoni mwa wanafunzi wa sekondari. Pamoja na wenzake alisali, alisoma Injili, na kuwahudumia watoto wa barabarani, wale waitwao maibobo.

Masomo yalipokwisha alipata kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, mpakani Goma. Watu walimletea fedha ili aache upite mchele ulioharibika. Alikataa, kwa kuwa mchele ule ungeliwa na watu na kuwadhuru. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa nyara, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye heri huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo.

Tuzingatie: siku ya kujaribiwa alikuwa ofisini, mbali na altare. Lakini dhamiri iliyokataa fedha ile ilikuwa imelishwa miaka mingi, nayo miaka ya chuo ilikuwamo. Huenda mwanao naye atakuwa hakimu, mganga au mkaguzi. Ni nani anayemlisha sasa?

V. YATUPASAYO KUFANYA

1. Kabla ya safari, kijana apewe cheti chake cha ubatizo na barua ya paroko kwa padre wa huko aendako. Binti asisahauliwe.

2. Majina ya wanafunzi walio mbali yatajwe katika sala za jumuiya.

3. Wazazi, mnapopiga simu msiulize mitihani peke yake. Ulizeni pia habari za sala. Vita vikifunga barabara hata msiweze kumfikia, padre na wenzake wa imani ndio watakaokuwa jamaa yake.

4. Akirudi likizoni, apewe kazi kanisani. Na swali lake gumu lisijibiwe kwa fimbo ya maneno.

MASWALI NA MAJIBU

S. Je, elimu ya juu ni adui wa imani?
J. Sivyo. Kweli yote yatoka kwa Mungu. Danieli alisoma, na imani yake ikadumu.

S. Ni nani apaswaye kumtunza mwanafunzi kiroho?
J. Askofu, padre mlezi, wenzake wa imani, wazazi wake, na misheni iliyomlea.

S. Mwenye heri Floribert atufundisha nini?
J. Kwamba sala ya mwanafunzi na haki ya mfanyakazi ni njia moja.

AZIMIO

Juma hili nitamtafuta mwanafunzi mmoja aliye mbali, nimpe salamu, nimwulize jina la padre wake. Kama hana, nitamwomba paroko aandike barua. Ile ya kijana wangu imekwisha kuandikwa. Ilichelewa mwaka mmoja, naye aliipokea kwa mikono miwili.

SALA

Ee Yesu, Mwalimu mwema, uliyeketi kati ya waalimu hekaluni ukiwasikiliza na kuwauliza, uwalinde wana wetu walio masomoni. Wakue katika hekima pasipo kukupoteza wewe. Amina.