Mfuko tumboni, zamu Jumatatu

Muuguzi anayehudumia wenye kolostomia jijini London anajibu maswali ya Waswahili wanaorudi kazini wakiwa na mfuko wa choo tumboni.

Dada nesi, nahudumia wazee huku Barking. Nilipasuliwa wiki sita zilizopita na meneja hachoki kupiga simu. Nirudi?

Pole, mdogo wangu. Mfuko haukuzuii, kinachokuzuia ni misuli. Pale stoma, yaani tundu la choo, ilipotokezwa ukuta wa tumbo ni dhaifu, na ngiri hupenda kuchomoza hapo hapo. Ndiyo maana huwa tunakataza kunyanyua vizito kwa wiki za mwanzo, mara nyingi hadi kumi na mbili. Na usidanganyike: kumgeuza mzee kitandani au kumvuta arudi kwenye mto ni mzigo mzito, hata kama miguu yake haijaondoka kwenye godoro. Mwombe daktari wako aandike kwenye cheti kwamba unaweza kufanya kazi kwa masharti: saa chache kwanza, kisha uongezewe, ugawe dawa, ujaze mafaili, wenzako wageuze. Mkanda wa tumbo upimwe na muuguzi wa stoma, usiununue kwa kukisia. Simu ya meneja si cheti cha daktari.

Lazima bosi ajue?

Sheria haikulazimishi kumweleza kila kitu. Lakini atakurekebishiaje kazi bila kujua? Sheria ya Usawa ya 2010 humtaka mwajiri afanye marekebisho ya kadiri kwa mwenye ulemavu, na aliyepata saratani analindwa tangu siku alipoambiwa anayo. Sisi Waswahili tunaficha mno maradhi ya tumbo, na siri hiyo huchosha kuliko zamu yenyewe. Sema tu: “Nimepasuliwa tumbo, nitahitaji kwenda chooni bila kusubiri ruhusa.” Inatosha.

Je, nitanuka?

Mfuko uliokaa sawa haunuki. Una kichujio cha mkaa. Ukisikia harufu, kuna mahali panavuja. Stoma hunywea wiki za mwanzo, kwa hiyo tundu la kibandiko ulilokatiwa hospitali linabaki kubwa, choo kinagusa ngozi, ngozi inababuka, kibandiko hakishiki. Pima upya. Maharage hayajapigwa marufuku. Yajaribu siku ya mapumziko. Sauti ya gesi ikitoka, weka mkono juu ya stoma, uendelee na mazungumzo.

Nibebe nini?

Kipochi chenye mifuko mitatu iliyokwisha kukatwa tundu, vitambaa vikavu, vifuko vya taka na nguo ya kubadilisha. Mfuko uliotumika hutupwa kwenye pipa, kamwe si chooni. Tafuta pia ufunguo wa Radar, unaofungua vyoo vingi vya walemavu nchini. Na kama stoma yako ni ya kudumu, huku England una haki ya dawa bila malipo. Uliza fomu ya FP92A.

Mimi dereva wa basi. Choo nitakipata wapi katikati ya ruti?

Kaka, muulize muuguzi wako kuhusu kusafisha utumbo kwa maji. Unaingiza maji ya uvuguvugu kwenye stoma, choo kinatoka chote, na wengi hukaa siku nzima au zaidi bila kutoa kitu. Huchukua kama saa moja, na si kila tumbo linafaa, kwa hiyo daktari akubali kwanza. Jifunze ukiwa bado nyumbani, maana majaribio ya mwanzo yana fujo zake.