Somo la Mwezi: Kufunga, na Ugonjwa wa Kutokula



Someni kwanza kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa 19. Eliya amechoka, amekaa chini ya mti jangwani, naye aomba afe. Mungu hakumkemea, wala hakuanza kwa mafundisho. Alimpelekea malaika mwenye mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha mara ya pili. Na baada ya safari ndefu ndipo aliposema naye katika mlima Horebu. Shikeni utaratibu huo: chakula kwanza, maneno baadaye. Somo letu lote limo humo.

1. Ugonjwa wenyewe

Sisi wa milima ya Usambara twaijua njaa ya shamba, mvua isipokuja na mahindi yakakauka. Lakini iko njaa nyingine: maharage yameiva, ugali umepakuliwa, na kijana ausukuma mbali.

Na tuwaze binti wa miaka 16 aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni. Zamani alikula pamoja na ndugu zake. Sasa husema amekwisha kula kwa shangazi, au kwamba amefunga. Amekonda, huona baridi hata jua la adhuhuri likiwaka sokoni Lushoto, nywele zamkatika, hedhi imekoma. Hata hivyo asoma kwa bidii kuliko wote, tena huwapikia wengine kwa furaha, wala yeye haonji. Mama adhani ni mimba. Jirani asema amerogwa. Mwalimu wa shule ya Jumapili amsifu kwa bidii yake ya sala. Wote watatu wamekosea, na siku zapita.

Ugonjwa huu una jina. Mwaka 1873 mganga Lasègue huko Paris, na William Gull huko London, walieleza habari za wasichana waliojinyima chakula hata wakabaki mifupa, wala hawakuonekana na ugonjwa mwingine wa mwili. Gull akauita anoreksia nevosa. Mwaka 1979 Gerald Russell wa London alieleza ndugu yake, aitwaye bulimia: mgonjwa hula chakula kingi kwa siri, kisha kwa hofu na aibu hujitapisha. Huyu aweza kuwa na mwili wa kawaida, hata watu wa nyumbani wasijue. Wavulana nao hupatwa, ingawa wasichana ni wengi zaidi. Na msiudharau: katika magonjwa ya akili, anoreksia ni mojawapo ya yale yauayo watu wengi.

2. Sababu zake

Sababu si moja. Wengine wamezaliwa na mwelekeo huo, kwa maana ugonjwa huu huonekana mara nyingi katika jamaa moja. Wengine wana tabia ya kutaka kila jambo liwe kamilifu. Wengine walifiwa, au walidhihakiwa kwa unene, au walitendewa vibaya wasithubutu kusema. Katika mambo mengi wasiyoweza kuyatawala, wameona moja waliloweza: kukataa chakula.

Tena ziko picha. Katika visiwa vya Fiji watu waliusifu mwili mnene, kama bibi zetu walivyousifu. Televisheni ilifika wilaya ya Nadroga mwaka 1995. Anne Becker, mtaalamu wa Marekani, aliwauliza wasichana wa shule punde tu ilipofika, na hakuna hata mmoja aliyesema kwamba hujitapisha ili akonde. Alipowauliza wasichana wengine mwaka 1998, waliokiri walizidi mmoja katika kila kumi. Leo picha kama hizo zimo ndani ya simu, nazo zafika Mlalo na Mtae kama zinavyofika Dar es Salaam.

Lakini iko sababu nyingine ituhusuyo sisi watu wa kanisa. Mwaka 2004 zilitangazwa habari za uchunguzi katika shule za sekondari za kaskazini-mashariki ya Ghana. Wasichana 668 walipimwa, na 10 kati yao walikuwa wamekonda mno kwa kujinyima chakula tu. Hao kumi hawakutaja urembo. Walitaja dini, na kuitawala nafsi, na kuishinda njaa.

3. Kufunga kulikopotoka

Jambo hili si geni. Katerina wa Siena, mwanamke mtawa wa Italia, alijinyima chakula tangu ujana wake. Padre aliyemwungamisha alimwagiza ale, naye akajibu kwamba hawezi. Alikufa mwaka 1380, ana miaka 33. Na Martin Luther, alipokuwa mtawa huko Erfurt, alifunga na kukesha hata akauumiza mwili wake, kama alivyokiri mwenyewe baadaye. Kwa hiyo katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 hakukataza kufunga. Alifundisha kwamba ni maandalio mema ya nje, lakini imani ndiyo imfanyayo mtu astahili kuijia meza ya Bwana.

Basi tutapambanuaje? Kufunga kwa kweli kuna mwisho, na mwisho ukifika mtu hula kwa shukrani. Isaya mlango wa 58 waonyesha kwamba mfunga humgawia mwenye njaa. Lakini mgonjwa hana siku ya mwisho. Huogopa chakula, husema uongo kwa ajili yake, na kila siku hujidai zaidi. Huyo hafungi, amefungwa. Jirani zetu Waislamu nao humruhusu mgonjwa asifunge. Basi mchungaji au mzee wa kanisa amwonaye kijana akikonda katika Kwaresima asimsifu. Amwambie waziwazi: kwako wewe, kula ndiko utii.

4. Matibabu

Kwanza, apelekwe hospitali, iwe Bumbuli, iwe ya wilaya Lushoto, iwe nyingine iliyo karibu. Mganga atazame kama ni kifua kikuu, minyoo, kisukari au ugonjwa mwingine ukondeshao. Akizimia, akitapika damu, moyo ukipiga polepole mno, au akisema habari za kujiua, asingojee hata kesho.

Pili, alishwe, lakini si kwa pupa. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu, akishindiliwa chakula kingi ghafula, madini ya damu yake huvurugika na moyo waweza kusimama. Mganga ndiye aongezaye kipimo hatua kwa hatua.

Tatu, msitazamie akili itulie kabla ya mwili. Mwaka 1944 na 1945, katika chuo kikuu cha Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walikubali kulishwa kidogo kwa muda wa miezi sita, ili wataalamu wajifunze kuwasaidia watu walioumizwa na njaa ya vita. Walipokonda waliwaza chakula mchana na usiku, wakawa na huzuni na hasira, wakajitenga na wenzao. Njaa yenyewe huipotosha akili. Ndiyo sababu hoja nyingi hazimfai mtoto ambaye bado hajala.

Nne, wazazi wasisukumwe kando. Katika hospitali ya Maudsley, London, tangu miaka ya 1980, waganga wamewafundisha wazazi kusimamia chakula cha mtoto wao wenyewe: kukaa naye kila mlo, bila matusi wala viboko, wala kuondoka kabla hajamaliza. Mtoto apatapo nguvu, hurudishiwa uhuru wake kidogo kidogo. Mwenye bulimia naye husaidiwa kwa milo ya saa zake na mazungumzo na mshauri aliyefundishwa. Kazi hii ni ya miezi, pengine miaka. Lakini wengi hupona.

5. Yatupasa nini

Tusione aibu. Wazee wetu katika imani waliijenga Lutindi mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu mwaka 1904 ikawapokea wagonjwa wa akili. Milima hii ilijifunza zamani kwamba mgonjwa wa akili ni ndugu wa kutunzwa. Basi tusimwite kijana huyu mwenye pepo, wala mwenye kiburi, wala mtakatifu. Tuketi naye mezani.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Mungu alimfanyia Eliya nini kabla ya kusema naye?
2. Kufunga kwa imani na kutokula kwa ugonjwa hutofautianaje?
3. Je, yuko nyumbani kwetu asiyeketi tena kula pamoja nasi? Tangu lini, na nani kati yetu amemwuliza kwa upole?