Tumbili Ananishinda Macho

Wenzangu wa chama, msicheke kwanza. Ndani ya jicho la binadamu mna aina 3 za seli za kutambua rangi, ziitwazo koni. Nyani, tumbili na sokwe pia wanazo 3, ndiyo sababu tumbili huliona tunda jekundu kati ya majani akiwa mbali. Komba ana aina 1 tu, lakini gizani anatupita sana, kwani nyuma ya retina yake mna utando unaorudisha mwanga kama kioo.

Basi mimi koni zangu zina kasoro, nilizaliwa hivyo. Nikichuma kahawa nachanganya mbivu na mbichi. Mama alidhani ni uvivu, hadi nilipomweleza somo la bayolojia. Tumbili angejaza debe kabla yangu!